Umeanza mpira ukubwani? Shughulika kwanza na kutuliza

Aliyekulia kwenye chandimu, mpira wa watoto mtaani, hakufundishwa na mtu kutuliza mpira. Mguu wake ulijifunza wenyewe kabla hajamaliza darasa la saba. Anayeanza akiwa na miaka 20 au 30, pengine baada ya kuvutwa na wenzake wa kazini kwenye timu ya Jumamosi, hana akiba hiyo. Ndiyo maana uwanjani anaonekana mzito hata kama ana pumzi na mbio: mpira ukimfikia unamdunda, unamtoka mita tatu, halafu anaanza kuukimbiza. Wengi wa aina hii hukimbilia kujifunza chenga za kwenye video. Chenga haimsaidii mtu ambaye mpira haujakaa mguuni. Kwa hiyo hapa tutakaa sana kwenye kutuliza na kutoa pasi, na mengine tutayapitia kwa kadiri yanavyohitajika.

Mpira na viatu

Mpira wa mtu mzima ni saizi 5: mzingo wa sentimita 68 hadi 70, uzito wa gramu 410 hadi 450. Achana na mipira myepesi ya plastiki inayoyumba hewani, kwa sababu mguu unazoea nguvu ambayo haitafaa siku ya mechi. Upepo nao una kipimo. Sheria zinaruhusu takriban PSI (kipimo cha shinikizo la upepo kwenye geji) 8.5 hadi 15.6, lakini kwenye uwanja mgumu wa udongo au changarawe jaza 9 au 10 tu. Ukiujaza hadi juu kabisa utadunda kuliko unavyoweza kuumudu. Kama pampu haina geji, ubonyeze kwa vidole gumba viwili: unatakiwa ubonyee kidogo, karibu nusu sentimita. Lowesha sindano ya pampu kabla ya kuiingiza. Sindano kavu huchana valvu, na mpira unaanza kuvuja polepole bila kuonyesha tundu.

Viatu vinaumiza watu wengi kuliko rafu. Njumu zenye meno marefu sita zimetengenezwa kwa nyasi laini, ambako meno yanazama. Kwenye ardhi ngumu hayazami, unabaki umesimama juu yake; visigino vinauma jioni, na ukigeuka ghafla kifundo kinapinda. Kwa viwanja vyetu vya vumbi na vya nyasi bandia, tafuta viatu vyenye meno mengi mafupi ya mpira. Ukikosa, raba za soli nyembamba ni afadhali kuliko viatu vya kukimbilia vyenye soli nene, maana soli ikiwa juu kifundo hupinda kirahisi unapokata kona. Vilinda ugoko ni lazima kwa mujibu wa Sheria ya 4 ya soka. Kwenye ndondo, mechi za mtaani, hakuna atakayekukagua, lakini ugoko ni wako.

Kutuliza mpira wa chini

Mpira unapokuja, usiusubiri umekanyaga visigino. Simama kwa sehemu ya mbele ya nyayo, magoti yamelegea kidogo, na uusogelee hatua moja au mbili. Anayesubiri hupata hasara mara mbili: mpinzani anauwahi mpira, na kila kijiwe kilichoko njiani kinapata nafasi ya kuugeuza.

Zungusha nyonga ili ubavu wa ndani wa mguu uutazame mpira. Mpira wa saizi 5 una kimo cha sentimita 22 hivi, kwa hiyo katikati yake ni sentimita 11 kutoka ardhini. Inua mguu sentimita 5 hadi 8 ili upinde wa mguu, yaani sehemu iliyo kati ya kisigino na dole gumba, ukutane na sehemu hiyo ya katikati. Vidole viangalie juu. Mpira unapogusa, rudisha mguu nyuma kidogo pamoja nao, kama mtu anayedaka yai asilitake livunjike. Macho yabaki kwenye mpira mpaka umegusa. Mita ya mwisho ndiyo ambayo wengi huinua uso kutafuta wa kumpasia, na hapo ndipo unapowatoka.

Mpira uishie wapi? Nusu mita hadi mita moja kutoka mguuni, upande unaotaka kwenda. Wapo wanaodhani kutuliza vizuri ni kuukandamiza mpira ufe chini ya miguu. Ukifa hapo, lazima urudi hatua nyuma ndipo upate nafasi ya kupiga, na hatua hiyo moja inamtosha beki kukufikia.

Makosa yana alama zake, na ukizijua unaweza kujisahihisha bila kocha:

- Mpira ukikurukia juu ya mguu, mguu ulikuwa chini mno au vidole vilielekea chini vikaupandisha.
- Ukipita chini ya mguu, uliinua mno, na mara nyingi ni kwa sababu hukuwa unautazama.
- Ukidunda mbele mita mbili tatu, kifundo kilikuwa kigumu na mguu ulikwenda mbele kuufuata badala ya kurudi nyuma.
- Ukitoka pembeni kwa pembe usiyoitaka, uliugusa kwa vidole au karibu na kisigino, si kwenye upinde.

Mpira unaodunda una kanuni moja ya kukumbuka: uzuie unapogusa ardhi, usiusubiri upande. Elekeza ubavu wa mguu au wayo juu ya mpira kwa mshazari, kisigino chini, ili unapotaka kuruka ukute mguu umeuziba. Ukishapanda hadi kiunoni umechelewa. Tumia paja, ukilishusha wakati wa kugusa. Kwa kifua, jilaze nyuma kidogo na utoe pumzi mpira unapofika ili kifua kilegee. Mikono iwe mbali na mwili kwa ajili ya mizani, lakini isiinuke kuufuata mpira.

Ukuta

Hakuna mwalimu mvumilivu kuliko ukuta. Tafuta wa matofali au zege usio na dirisha karibu (ukuta wa jirani uombe kwanza, na usiupige saa ya watu kulala). Ukuta wa udongo au uliopigwa plasta mbovu haufai: unabomoka, na mpira unarudi kila upande. Pasipo ukuta, laza benchi au meza kwa ubavu, au mwombe mwenzako asimame upande wa pili.

Simama mita 3. Piga pasi ya chini kwa ubavu wa ndani, tuliza kwa mguso mmoja, piga tena. Kila mzunguko unachukua sekunde 3 hivi, kwa hiyo dakika 10 zinakupa karibu pasi 200 na mituliza 200, na hakuna mechi ya mtaani itakayokupa mpira mara nyingi hivyo. Ukifikisha mara 20 mfululizo bila mpira kukutoka zaidi ya mita moja, rudi hadi mita 5, kisha 7. Ukikosea, hesabu inaanza upya. Hiyo hesabu ya kuanza upya ndiyo inayokufanya uwe makini. Anayepiga piga tu huku akiongea na simu hapati kitu.

Baada ya wiki mbili tatu za kupiga na kutuliza kwa mguu uleule, badilisha. Tuliza kwa kulia, toa kwa kushoto, na kinyume chake. Hapa mguso wako lazima uupeleke mpira pembeni, mbele ya mguu wa pili, na hicho ndicho kinachohitajika uwanjani unapobanwa. Mguu dhaifu upate angalau theluthi ya kila zoezi. Mwanzoni utaona aibu, maana hautii kabisa. Ukiuacha, mabeki watagundua ndani ya dakika tano na kukusukumia upande huo mechi nzima.

Hatua ya tatu ni ngumu zaidi: mpira ukiwa unaelekea ukutani, geuza shingo uangalie nyuma ya bega, kisha rudisha macho upokee. Weka chupa mbili za rangi tofauti nyuma yako, mtu azibadilishe nafasi, na wewe utaje iliyoko kushoto kabla mpira haujakurudia. Huku ndiko kupiga jicho kunakowatofautisha viungo wazuri na wakimbiaji. Mechini fanya hivyo mara mbili: mara ya kwanza mpira ukiwa bado kwa mwenzako, mara ya pili ukiwa njiani. Ukiangalia baada ya kuupokea, nafasi uliyoiona imeshazibwa.

Danadana ni nzuri kwa kuuzoea mpira, lakini zisikule muda. Anza kwa kuudondosha, uupige mara moja kwa mgongo wa mguu, uudake. Ukiweza mara 10, ongeza mguso wa pili. Mtu anaweza kupiga danadana 100 na bado asijue kutuliza pasi kali.

Kutoa pasi

Mwelekeo wa pasi haupangwi na mguu unaopiga. Unapangwa na ule wa kusimamia. Uweke pembeni mwa mpira, umbali wa kiganja kilichokunjuliwa, vidole vikielekea unakotaka mpira uende. Kaza kifundo cha mguu wa kupigia, gonga katikati ya mpira kwa upinde, na uache mguu uendelee mbele kuelekea kwa mwenzako. Ukipiga na kuukata mguu papo hapo, pasi inakufa njiani.

Pasi ikipaa, uliegemea nyuma au uligonga chini ya katikati. Ikienda pembeni, tazama mguu wa kusimamia: karibu kila mara utakuta vidole vimeangalia huko huko. Ikiwa laini hata ukitumia nguvu, kifundo kililegea. Kupiga kwa ncha ya kiatu kuache kwanza; eneo linalogusa mpira ni dogo mno, na kosa la sentimita moja mguuni linakuwa mita kadhaa mbele.

Umpasie mwenzako mguu ulio mbali na mpinzani. Hili linasahaulika sana: pasi inafika, lakini inafika upande wa beki. Na ukishatoa, ondoka. Kusimama kutazama pasi yako ilivyokwenda ni tabia ya mtazamaji.

Kukokota, na chenga moja tu

Jaza mchanga chupa sita za maji, zipange mstari mmoja kila baada ya mita 1.5, kisha zipitie ukiugusa mpira kila hatua. Tumia ubavu wa nje, upande wa kidole kidogo, kuusukuma mbele, na ubavu wa ndani kuurudisha. Ubavu wa nje una faida ya kukuacha ukimbie kawaida bila kugeuza nyonga. Kwenye nafasi wazi sukuma mpira mita 3 hadi 4 na uukimbilie. Penye watu usikuache zaidi ya nusu mita. Ukiangusha chupa, punguza kasi. Ukipita mara tano bila kuangusha, mwenzako asimame mbele akionyesha vidole, nawe uvitaje huku unaendelea. Utatambua haraka kwamba ulikuwa unatazama miguu yako muda wote.

Jifunze chenga moja ya mwili. Mwendee beki polepole, ukifika mita 2 hivi dondosha bega la kushoto na uweke mguu wa kushoto chini kwa uzito kana kwamba unakwenda huko, kisha usukume mpira kulia kwa ubavu wa nje wa mguu wa kulia na ukimbie. Inashindwa kwa sababu mbili tu: umeifanya karibu mno hata mguu wa beki unaufikia mpira, au umepita kwa kasi ileile uliyokuja nayo. Chenga inakamilika kwa mbio za hatua tatu baada yake. Tobo (kupitisha mpira kati ya miguu ya beki) na kanzu (kuupitisha juu ya kichwa chake) zitakuja zenyewe.

Shuti

Ujio uwe wa mshazari, si moja kwa moja nyuma ya mpira. Hatua ya mwisho iwe ndefu. Mguu wa kusimamia utue sambamba na mpira, sentimita 20 hadi 30 pembeni. Ukitua nyuma yake utaegemea nyuma na mpira utapaa. Vidole vya mguu wa kupigia vielekee chini, kifundo kikazwe, goti liwe juu ya mpira unapogonga kwa mgongo wa mguu, pale kamba za kiatu zinapofungwa. Kisha utue kwa mguu huohuo uliopigia. Ukiona hutui nao, basi uzito ulibaki nyuma.

Anza na mpira uliosimama kwenye alama ya penalti, mita 11, kwa nusu ya nguvu zako. Goli lina upana wa mita 7.32; weka chupa moja mita 1 ndani ya kila mwamba na ulenge kati ya chupa na mwamba, chini. Ukipata 6 kati ya 10 ndipo uongeze nguvu, kisha uanze na mpira unaotembea. Victor Wanyama, kiungo Mkenya aliyekuwa Tottenham, alipofunga pale Anfield, uwanja wa Liverpool, Februari 4, 2018, mpira ulikuwa umepanguliwa na kipa ukamjia, naye akaupiga bila kuutuliza. Tazama marudio ya bao lile na uangalie kiwiliwili chake badala ya mpira. Nguvu ile inatokana na kugonga katikati kwa mwendo mmoja, si kwa kuvuta mguu nyuma sana.

Kichwa kiguse kidogo mazoezini. Jirushie mpira laini, macho wazi, mdomo umefungwa, ugonge kwa paji la uso pale nywele zinapoanzia, na shingo ikazwe. Mara 10 kwa siku zinatosha. Watoto wadogo waache kabisa: nchini England, tangu 2020, mwongozo wa chama cha soka unataka watoto wa shule za msingi wasifanyishwe mazoezi ya vichwa.

Siku ya mechi

Mgeni huwekwa beki, eti huko hakuna kazi. Kazi ipo, na kosa kubwa ni kuvamia. Mshambuliaji akija na mpira, msogelee kwa haraka, kisha punguza mwendo ukifika mita 1.5, simama kiubavu, magoti yameinama, macho kwenye mpira na si kwenye miguu inayozunguka. Msukume kuelekea pembeni mwa uwanja. Nyoosha mguu pale tu anapousukuma mpira mbali naye. Ukiwa na mpira na umebanwa, kubutua nje si aibu. Kupoteza mpira mbele ya goli lako ndiko kutakakosemwa wiki nzima.

Timu yako ikiwa na mpira, usiusogelee. Simama mita 8 hadi 12 kutoka kwa mwenye mpira, mahali ambapo hakuna mpinzani katikati yenu, mwili umefunguka nusu uweze kuona goli zote mbili kwa kugeuza shingo tu. Wanaoanza hujazana penye mpira na kuwanyima wenzao nafasi.

Sheria mbili humwangusha mgeni mara kwa mara. Mpira wa kurusha: mikono miwili, utoke nyuma ya kichwa upite juu yake, na sehemu ya kila mguu iwe chini, kwenye mstari au nje yake. Kuotea: ni ukiwa nusu ya wapinzani, mbele ya mpira na mbele ya mpinzani wa pili kutoka mwisho, na ukashiriki mchezo. Huotei ukipokea moja kwa moja kutoka kwenye kona, mpira wa kurusha au goli kiki.

Wiki na mwili

Siku tatu za mazoezi kwa wiki, dakika 45 kila moja, pamoja na mechi moja, zinatosha kwa miezi mitatu ya kwanza. Dakika 8 kupasha, 15 hadi 20 ukutani, 10 za chupa, zinazobaki mashuti. Kupasha maana yake kukimbia taratibu, kufungua nyonga, kuinua magoti, kuchuchumaa, kuruka kwa mguu mmoja, na mwisho mbio fupi tatu nne zinazoongezeka kasi. Usianze kwa kujinyoosha ukiwa umepoa. Misuli ya nyuma ya paja ya mtu mzima anayekaa kwenye kiti siku nzima hukatika kwenye mbio ya kwanza ya nguvu. Pwani, fanya saa 12 asubuhi au kuanzia saa 11 jioni. Mvua ikinyesha kumbuka mpira unateleza na kuja kasi zaidi, basi upokee mapema, mguu ukiwa mbele zaidi ya kawaida.

Kifundo kikipinda, toka uwanjani siku hiyo hata kama maumivu yanapungua. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, inua mguu, usiukande wala usiupake dawa za kuchua zenye joto siku mbili za mwanzo. Ukishindwa kupiga hatua nne kwa mguu huo, au mfupa wa kifundo ukiuma ukiubonyeza kwa nyuma au kwenye ncha yake, nenda ukapigwe eksirei. Kama hakuna hayo, subiri uvimbe ushuke, uweze kusimama kwa mguu huo mmoja nusu dakika bila kuyumba, ndipo urudi. Na ukirudi, anza ukutani, mita 3.